Mvinyo wa Rioja: mnunuzi analipia ladha au umri?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mvinyo, hata hivyo, mara nyingi kinachouza ni lebo. Mnunuzi anayekuta chupa mbili za mtengenezaji mmoja, moja ikiwa ghali zaidi kwa sababu ya umri, anaweza kupima nyumbani kama nyongeza hiyo inamfaa.

Mfano mzuri ni Rioja, kaskazini mwa Hispania, ambako umri umewekwa kwa kanuni. Mvinyo mwekundu wa daraja la Crianza hukaa angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa, mwaka 1 ukiwa ndani ya pipa la mwaloni la lita 225. Reserva hukaa miaka 3, na Gran Reserva miaka 5, miwili kati ya hiyo ikiwa ya pipani. Muhuri ulio kwenye chupa huonyesha daraja: mwekundu kwa Crianza, wa damu ya mzee kwa Reserva, wa buluu kwa Gran Reserva.

Kungoja kuna gharama. Shilingi 100 zilizolala ghalani miaka 5, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, huwa 161, kabla ya kuhesabu mapipa na pango la ghala. Anayelipa ni mlaji. Lakini gharama ya mzalishaji si lazima iwe thamani kwa mnywaji.

Njia ya kupima ni kuonja bila kuona lebo. Tarehe 24 Mei 1976 mjini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha hivyo waamuzi wa Kifaransa. Mvinyo wa California ulishika nafasi ya kwanza, kwa mweupe na kwa mwekundu, mbele ya majina makubwa ya Ufaransa.

Nyumbani, inunuliwe Crianza moja na Reserva moja. Mtu asiyeonja azifunge chupa kwa gazeti na kuziandika A na B. Penye joto ziwekwe kwanza kwenye jokofu, zifike nyuzi 16 hadi 18. Glasi ziwe za aina moja, na kila moja itiwe mililita 50.

Kwanza ni rangi, juu ya karatasi nyeupe: mvinyo mchanga huelekea zambarau ukingoni, uliokomaa huelekea rangi ya tofali. Pili ni harufu: mchanga hunukia matunda mabivu, mkongwe huleta vanila, ngozi na tumbaku. Tatu ni mdomoni: uchachu, na ukakasi kama wa chai iliyochemka mno, ambao hupungua kwa umri. Kisha kila mwonjaji, bila kushauriana, aandike bei ambayo angekubali kulipa. Ndipo magazeti yafunguliwe.

Tuseme Crianza inauzwa 100 na Reserva 160. Waonjaji wakiandika wastani wa 100 na 120, basi 40 za mwisho zinalipia ghala na jina. Wakiandika 170, Reserva ndiyo rahisi.

Tahadhari moja: chupa ya bei nafuu isifichwe kabatini kwa matumaini ya kupanda thamani. Mvinyo mwingi wa aina hiyo hutengenezwa unywewe mapema, na joto huuharibu. Mtaji huo utakuwa umelala bure.