Shule Ikifungwa, Je, Msaada Nao Ufungwe?

Katika somo hili twataka kutazama jambo moja la vijana wa shule za juu katika nchi ya Marekani, yaani vyama vyao vya kuwatumikia watu, na hasa kazi wazifanyazo wakati wa likizo ndefu. Labda mtu atauliza, "Habari za vijana wa mbali zatufaa nini sisi?" Zatufaa, kwa maana kila penye shule pana likizo, na kila penye likizo pana vijana wenye nguvu na nafasi. Tena hapo hapo wako wazee, wagonjwa na watoto wadogo ambao shida zao hazijui likizo. Basi na tujifunze polepole, jambo moja baada ya jingine.

1. Asili ya vyama hivi

Mwaka 1915, katika mji wa Detroit, watu wa biashara waliunda chama kiitwacho Kiwanis. Hapo kwanza walikutana ili kufaidiana wao kwa wao katika biashara zao. Baada ya miaka michache waliona ya kuwa shabaha hiyo ni ndogo mno, wakageuza nia, wakaazimu kuwatumikia watu wa miji yao. Mwaka 1925 wanachama wawili wa mji wa Sacramento, katika California, Albert Olney na Frank Vincent, ambao kazi yao ilikuwa mambo ya elimu, walifikiri ya kuwa yafaa vijana wa shule nao wawe na chama cha namna hiyo. Mwezi wa Mei wa mwaka ule wavulana 11 wa Sacramento High School wakakutana, wakaanza chama, nacho kikaitwa Key Club. Neno "key" maana yake ni ufunguo.

Kwa muda wa miaka mingi chama kile kilikuwa cha wavulana tu. Wasichana walikubaliwa mwaka 1977. Wakati huo vyama vingine vilikwisha kuzaliwa kwa mfano huo. Mwaka 1957 kilianza chama cha Leo katika jimbo la Pennsylvania, chini ya ulezi wa chama cha Lions. Mwaka 1962 kilianza chama cha Interact katika mji wa Melbourne, jimbo la Florida, chini ya ulezi wa Rotary. Interact imefika hata kwetu, nayo imo katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanzania.

Utaratibu wa vyama hivi vyote hufanana. Wanafunzi wenyewe humchagua mwenyekiti, mwandishi na mtunza fedha. Mwalimu mmoja wa shule huwa mshauri wao, na chama cha watu wazima huwalea. Wakubwa hushauri, lakini vijana ndio watoao shauri la mwisho na kulitenda. Jambo hili lina maana kubwa: kijana ajifunzaye kuchukua daraka angali na miaka 16 hatalishangaa akiwa na miaka 30.

2. Likizo ya kiangazi na shida zake

Huko kaskazini shule hufungwa mwisho wa Mei au katika mwezi wa Juni, na kufunguliwa tena mwezi wa Agosti au Septemba. Huo ndio wakati wa joto kali. Wanachama hutawanyika: wengine husafiri na wazazi wao, wengine huenda kufanya kazi ya mshahara, wengine hukaa nyumbani kuwatunza wadogo zao. Mwalimu mshauri hayupo, mkutano wa kila juma haupo, na mara nyingi chama chote hulala usingizi mpaka shule ifunguliwe. Lakini tazameni: shida nyingine huzidi katika miezi ile ile. Tutazame tatu.

Ya kwanza ni chakula cha watoto. Tangu mwaka 1946 iko sheria katika Marekani iliyoweka chakula cha mchana mashuleni, na watoto wa nyumba maskini hukipata bure au kwa bei ndogo. Shule ikifungwa, sahani ile nayo huondoka mezani. Kwa sababu hiyo serikali ilianza kwa majaribio, mwaka 1968, mpango wa kuwalisha watoto wakati wa kiangazi, na mwaka 1975 ukafanywa mpango kamili unaojitegemea. Chakula hutolewa mashuleni, makanisani, katika bustani za mji na katika maktaba. Serikali hulipia chakula, lakini mikono ya kugawa, ya kufuta meza na ya kucheza na watoto baada ya kula, mara nyingi ni mikono ya watu wa hiari. Vijana wa vyama vya shule huingia hapo, na katika ghala zigawazo chakula kwa maskini, wakipanga makopo na kufunga vikapu.

Ya pili ni wazee wakaao peke yao. Mwezi wa Julai mwaka 1995 joto kubwa liliupata mji wa Chicago, likafika yapata digrii 41, na usiku nao haukuleta baridi. Katika siku chache walikufa watu zaidi ya 700. Wengi wao walikuwa wazee waliokaa peke yao katika vyumba vya juu, na wengine walifunga madirisha yao kwa kuogopa wezi. Wengine hawakuonekana ila baada ya siku kadhaa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwauliza hali. Hawakufa kwa joto peke yake. Walikufa pia kwa kukosa jirani wa kubisha hodi. Msaada wa jambo hili hauhitaji fedha wala elimu nyingi. Kijana aweza kwenda kumwona mzee, kumpelekea maji, kutazama kama chumba kina hewa, na kumsikiliza. Akimwona anasema maneno yasiyofuatana, au ngozi yake ni ya moto mno, au anataka kuzimia, imempasa kumwita mtu mzima na mganga mara moja. Asingoje hata kidogo.

Ya tatu ni kusoma. Mtoto mdogo asiyeshika kitabu kwa miezi miwili au mitatu husahau mengi aliyojifunza, na mtoto wa nyumba isiyo na vitabu hupotewa zaidi. Kwa hiyo maktaba za miji huweka masomo ya kiangazi, na vijana wa shule za juu huketi na mtoto mmoja mmoja, wakimsikiliza anapofuata maneno kwa kidole. Kazi hii haina sifa nyingi, wala hakuna apigwaye picha kwa ajili yake. Lakini mtoto aliyesikilizwa kwa saru na upole hukumbuka.

3. Hatari tatu za kuangaliwa

Hatari ya kwanza ni kuhesabu saa na kusahau watu. Jimbo la Maryland lilikuwa la kwanza kuwalazimisha wanafunzi wa shule zote za serikali kufanya kazi ya kuwatumikia watu kabla ya kupata cheti cha kumaliza. Kipimo chake ni saa 75. Tena vyuo vikuu hutazama kazi za namna hiyo vinapowachagua wanafunzi. Hatusemi ya kuwa kipimo ni kibaya. Wengi walioanza kwa kulazimishwa wameendelea kwa kupenda. Lakini kijana atazamaye saa yake kila mara anapoongea na bibi mzee, bibi yule huona. Kutoa ni moyo, wala moyo haupimwi kwa saa. Dawa ya hatari hii ni swali dogo ambalo mwenyekiti aweza kuliuliza kila mkutano. Badala ya kusema, "Umefanya saa ngapi?" na aseme, "Umemwona nani, naye ana hali gani?"

Hatari ya pili ni kusaidia pasipo kuuliza. Vijana huweza kupaka rangi ukuta ambao mwenyewe hakutaka upakwe, au kukusanya nguo nyingi mahali palipohitaji sabuni. Msaada wa namna hii humfurahisha atoaye na kumwelemea apokeaye. Kabla ya kuanza, waende wawili watatu wakaulize kwa adabu: "Mnahitaji nini? Siku gani? Ni kazi gani ambayo sisi tusioifahamu tusiiguse?"

Hatari ya tatu ni kuanza na kuacha. Mtoto aliyeahidiwa msomaji siku ya Jumanne hukaa akimngoja. Kijana asipokuja mara mbili tatu, mtoto hujifunza somo jingine, ya kuwa maneno ya wakubwa hayategemewi. Ahadi ni deni. Afadhali chama kiahidi kidogo na kutimiza, kuliko kuahidi makuu na kuondoka.

Hapa iko haki moja ya kushika. Si kila mwanafunzi ana nafasi sawa. Kijana afanyaye kazi ya mshahara kiangazi chote ili ailipie shule, au awatunzaye wadogo zake wakati mama yuko kazini, naye anawatumikia watu, ingawa hakuna aandikaye saa zake katika daftari. Chama kimwonacho huyu kuwa mvivu kimekosa shabaha yake. Kimpe kazi ndogo aiwezayo, au kimwache bila lawama, na shule zikifunguliwa kimpokee kama mwenzao.

4. Jinsi ya kupanga kazi

Chama kitakacho kudumu katika likizo hupanga mapema, majuma mawili matatu kabla ya shule kufungwa. Mambo haya yafaa kuangaliwa:

Kwanza, wachague kazi moja au mbili tu, zilizo karibu na nyumba za wanachama.

Pili, wapate ruhusa ya wazazi, na awepo mtu mzima mwenye daraka kila mahali pa kazi. Mwanafunzi asiende peke yake katika nyumba ya mtu; waende wawili wawili.

Tatu, waandike zamu. Tuseme chama kina vijana 24, yaani jozi 12, na likizo ni ya majuma 10. Wakiazimu kumtazama mzee mmoja mara mbili kila juma, jumla ni safari 20. Jozi 8 zitakwenda mara mbili, na jozi 4 mara moja tu, kwa likizo nzima. Ona jinsi mzigo ulivyo mwepesi ukigawanywa! Wakiwa na wazee watano, safari ni 100, na kila jozi itakwenda mara 8 au 9, hata mara moja kwa juma haitimii. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, asafiriye atafute wa kushika zamu yake kabla hajaondoka, wala asimwachie mwandishi kazi hiyo.

Tano, wawe na daftari ndogo ya kuandika siku, jina la aliyekwenda, na shida iliyoonekana. Daftari hiyo si ya kujisifia. Ni ya kumwezesha mwenziwe wa juma lijalo kujua kwamba bibi alikuwa akikohoa, au kwamba mtoto amefika ukurasa wa 12. Habari za siri za nyumba ya mtu zisiandikwe humo, wala zisitangazwe.

Sita, shule ikifunguliwa wakutane, wasomewe yaliyotendwa, nao waseme wazi palipoharibika. Kisha waende kuwaaga waliowatumikia, au waahidi kuendelea. Kutoweka kimya si adabu.

5. Neno kwa walimu na wazee

Ninyi mnaowafundisha vijana, huenda shule ya kwenu haina chama chenye jina kubwa wala beji ya kifuani. Hilo halizuii neno. Wale wavulana 11 wa Sacramento walianza na meza ya chakula cha mchana na watu wazima wawili waliowaamini. Katika likizo ya Juni au ya Desemba waiteni vijana watano tu, waulizeni ni nani kijijini hana wa kumtekea maji, na ni mtoto gani asiyeweza kusoma. Kisha wapeni daftari na kalamu, mkawaache wapange wenyewe. Wakikosea, waonyeni kwa upole. Msiwanyang'anye kazi. Kijana anyang'anywaye kazi kila akikosea hujifunza kukaa kitako.

Maswali ya kufikiri

1. Kwa nini chama cha wanafunzi huwa katika hatari ya kulala wakati wa likizo?
2. Yaliyotokea Chicago mwaka 1995 yatufundisha nini juu ya jirani azeekaye peke yake?
3. Je, saa za kazi ya hiari zifaa kuhesabiwa? Toeni sababu za pande zote mbili.
4. Katika mtaa wenu, ni shida gani huzidi shule zinapofungwa?
5. Nani kati yenu atakwenda kuiuliza nyumba ya kwanza, na siku gani?

Swali la tano lisijibiwe kwa maneno matupu. Mwandike jina na siku kabla hamjaondoka.