Ardhi ya Voi Juu ya Meza: Pa Kupata Udongo, Kokoto na Nyasi za Modeli

Modeli nzuri ya treni huharibiwa na ardhi isiyo yake. Unaweza kuwa na injini ya mvuke ya Garratt ya aina ya 59 iliyotengenezwa kwa ufundi mpaka ribiti zake zinahesabika, lakini ukiisimamisha kwenye majani mabichi ya Ulaya, aliyewahi kupita Tsavo hataamini kwamba inateremka kwenda Mombasa. Mimi hutengeneza mandhari ndogo za reli ya zamani ya Mombasa na Nairobi, jinsi ilivyokuwa miaka ya 1950, kwa kipimo cha 1:87. Karibu kila ninachotandaza chini ya magurudumu nakipata Pwani na Taita. Noch ya Ujerumani na Woodland Scenics ya Marekani zinatengeneza vifaa vizuri na nimejifunza mengi kwa kuvitazama, ila rangi zake nyingi ni za nchi za mvua, na ukijumlisha usafiri na ushuru bei yake humvunja moyo anayeanza.

Kanuni yangu ni hii: rangi itoke mahali penyewe, ukubwa wa chembe utoke kwenye kipimo. Anayeshika nusu ya kwanza tu huchota udongo halisi, akaumwaga kama ulivyo, na kituo chake kikaonekana kimejengwa juu ya majabali. Chembe ya milimita 2 katika 1:87 ni jiwe la sentimita 17. Hakuna mtu anayefagia uwanja wa stesheni wenye mawe ya ukubwa huo.

Nianze na udongo, maana ndio unaobeba kila kitu. Wekundu wa Voi unatokana na oksidi za chuma, na hakuna rangi ya dukani niliyoona ikiufikia. Ndani ya hifadhi ya Tsavo usichote chochote, hata kiganja. Nje ya hifadhi udongo ni uleule: tafuta mahali panapochimbwa msingi wa nyumba au shimo la choo, mwombe mwenye kiwanja, na kwa kawaida atakupa kwa furaha huku akishangaa unakwenda kuufanyia nini. Usichukue wa juu wenye mizizi na samadi. Chukua ulio chini kidogo. Na ukikuta kichuguu kilichobomolewa, jaza mfuko. Udongo wa kichuguu ni laini na umeshikamana sawasawa, kwa hiyo ukiutwanga kwenye kinu unatoa unga unaofaa sana kwa njia za miguu, barabara za vumbi na uwanja ulio mbele ya kituo.

Ukifika nyumbani, anika juani, twanga, kisha chekecha mara mbili: kwanza kwa chujio la chai, halafu kwa kitambaa chepesi cha pazia la shela. Kinachobaki kwenye chujio usikitupe, ni mawe ya kingo za mitaro. Unga uliopita kwenye shela ndio ardhi yenyewe. Baada ya hapo uweke kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko, ukoroge kwa nusu saa hivi mpaka usitoe mvuke tena. Hatua hii watu huiruka, na katika unyevunyevu wa Mombasa matokeo yake ni kuvu, wadudu, na mbegu zinazochipua katikati ya reli.

Kama treni yako inatembea kwa umeme, kuna hatua moja zaidi: funika sumaku kwa kipande cha nailoni, kisha ipitishe ndani ya udongo wote. Utaona vumbi jeusi limeng'ang'ania. Hilo lina chuma, na likibaki litavutwa na sumaku ya mota na kuila kidogo kidogo. Mchanga wa pwani ya kusini nao una madini meusi. Huko Kwale mchanga wenye titani ulichimbwa kibiashara kwa miaka. Basi sumaku haina mapumziko.

Kokoto za reli ndizo zinazoulizwa zaidi, na jibu la haraka la wengi ni mchanga wa bahari. Mimi siutumii. Chembe zake zimesuguliwa na mawimbi zikawa mviringo, zinameta kwa vipande vya kombe, na chumvi yake huvuta unyevu na kuotesha kutu kwenye reli. Kokoto halisi zimepasuliwa kwa mashine, zina kona. Kwa hiyo nenda wanaposaga mawe ya ujenzi, uombe lile vumbi linalobaki chini ya mashine. Mafundi wa matofali hulinunua kwa lori, na wewe unahitaji kopo moja tu. Lioshe kwa maji mengi ili ule unga wa kijivu uondoke, likauke, kisha lichekeche. Jiwe la reli la milimita 50 likigawanywa kwa 87 ni kama milimita 0.6, na la milimita 25 ni kama 0.3. Huhitaji darubini: panga chembe kando ya rula, na mbili zikilala bega kwa bega zifikie takribani milimita moja. Ikizidi hapo, rudi kwenye shela.

Kokoto hizo zikitoka mashineni ni za kijivu, na reli ya Tsavo si ya kijivu. Vumbi jekundu limezikalia miaka mingi. Nikishazigandisha napitisha unga wa Voi juu yake kwa brashi kavu, mwingi zaidi pembeni kuliko katikati. Katikati ya reli naweka madoa ya mafuta, rangi ya hudhurungi nzito iliyotiwa maji. Vumbi la mkaa situmii kabisa, kwa sababu Garratt za aina ya 59 zilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe. Mataruma nayo yawe na rangi ya kutu: reli hii ilitumia sana mataruma ya chuma, ambayo mchwa hawayawezi.

Kugandisha: gundi nyeupe ya mbao, kiasi sawa na maji, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni maji hukusanyika juu ya vumbi yakawa vidonge vinavyobiringika. Panga kokoto zikiwa kavu, zisawazishe kwa brashi laini, zilowanishe kwa maji ya kupulizia, kisha dondosha gundi kwa bomba la sindano. Usiguse mpaka kesho yake. Tahadhari ya udongo mwekundu ni kwamba ukinywa gundi hukoza rangi na haurudi kikamilifu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi, uache ukauke, ulinganishe na udongo mkavu. Mimi huchanganya unga kidogo wa jipsamu ndani yake ili upauke, kwa kuwa kitu kidogo kinachotazamwa kwa karibu kinahitaji rangi nyepesi kuliko kile kikubwa cha mbali.

Nyasi ni mkonge, na hapa tuna bahati. Mashamba ya mkonge yako Mwatate, jirani kabisa na Voi, na kamba yake inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Fumua kamba, chana nyuzi, kata vipande vya milimita 8. Hizo ni nyasi za sentimita 70, zinazofika juu kidogo ya goti. Rangi yake ya asili ndiyo rangi ya nyasi za kiangazi, huhitaji kuitia chochote. Chovya ncha kwenye gundi, chomeka kwenye tundu la sindano, kisha tawanya vichwa kwa kidole. Panda kwa mafungu yasiyolingana na uache ardhi tupu baina yake. Nyika si zulia.

Chini ya miti tandaza majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yakakaushwa vizuri na kuchekechwa. Makumbi ya nazi hutoa mizizi na makuti ya vibanda. Unga wa msumeno unafaa vichaka vya mbali tu. Ukikaa karibu na jicho unajulikana mara moja.

Weka kila udongo kwenye chupa yake na uandike ulikotoka. Wekundu wa Voi si wekundu wa Mtito Andei, na baada ya miezi michache kumbukumbu haitakusaidia kuzitofautisha rangi hizo.

Nina ombi moja. Tangu treni za reli mpya ya SGR zianze mwaka 2017, vituo vingi vya reli ya zamani vimebaki bila abiria, na majani yanafunika majukwaa na njia za pembeni. Ukipita kwenye kimoja, usipige picha ya jengo peke yake. Inama upige ardhi: kokoto, udongo wa jukwaa, ukingo wa mtaro, na uweke kalamu pembeni ili ukubwa ujulikane. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi reli na ana picha za rangi, mwombe ruhusa uzinakili sasa.