Papa Aliyekiri Makosa ya Wakubwa

Mara kwa mara Wakristo hutuuliza kama ni vema kusoma habari za Mapapa wa karne ya 15 na ya 16, kwani wengine wao walipenda anasa na vita kuliko sala. Sisi twajibu: someni bila hofu. Ila msiache kusoma pia habari za Papa Adriano VI.

Alizaliwa mwaka 1459 mjini Utrecht, Uholanzi. Baba yake, aliyekuwa seremala, alifariki Adriano angali mtoto. Alisoma kwa bidii katika Chuo Kikuu cha Leuven, akapata udaktari wa teolojia mwaka 1491. Baadaye alikuwa mwalimu wa kijana Karoli, ambaye ndiye aliyekuja kuwa Kaisari Karoli V. Mwaka 1516 alifanywa Askofu wa Tortosa, Hispania, na mwaka uliofuata Kardinali.

Tarehe 9 Januari 1522 makardinali walimchagua kuwa Papa, naye yuko mbali, Hispania. Alipofika Roma mwezi wa Agosti alikuta hazina tupu na madeni mengi yaliyoachwa na Papa Leo X. Huko Ujerumani watu wengi walikuwa wamekwisha kumfuata Martin Luther. Adriano akaanza na nyumba yake mwenyewe: akapunguza gharama, akawanyima vyeo waliozoea kuvipata kwa upendeleo.

Kisha alimtuma Askofu Francesco Chieregati kwenye mkutano wa wakuu wa Ujerumani mjini Nuremberg. Mwanzoni mwa mwaka 1523 mjumbe huyo aliwasomea maagizo ya Papa. Katika imani Papa hakulegeza neno. Alitaka mafundisho ya Luther yazuiwe. Lakini alikiri waziwazi kwamba Mungu ameruhusu machafuko hayo kwa ajili ya dhambi za watu, hasa za mapadre na maaskofu. Kwamba katika Kiti Kitakatifu chenyewe maovu yametendeka kwa miaka mingi. Na kwamba ugonjwa umetoka kichwani ukashukia viungo. Akaahidi kuanza matengenezo huko huko Roma.

Je, alifaulu? La. Warumi hawakumpenda, kwa kuwa alikuwa mgeni tena hakupenda makuu. Wapinzani wa Kanisa wakalitumia ungamo lake kumsuta. Alifariki tarehe 14 Septemba 1523, kabla ya kutimiza miaka miwili. Matengenezo aliyoyatamani yalishikwa kwa nguvu katika Mtaguso wa Trento, ulioanza mwaka 1545.

Wazee wetu husema: Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Adriano hakuuficha, ingawa alijua atachekwa. Basi nasi tulio wakubwa, ikiwa ni padre parokiani, mwalimu shuleni au baba nyumbani, tukimkosea mdogo tusione haya kumwambia: nimekosa. Watoto wetu huyaona makosa yetu hata tukinyamaza. Yatupasa wasikie pia tukiyakiri, wapate kujua jinsi Mkristo anavyotubu.