Kalenda ya Kumbikumbi: Mafunzo Niliyopata Kati ya Tarime na Serengeti

Nilizaliwa milimani Tarime, upande wa Muriba, kwenye kahawa na ndizi. Nikaolewa Serengeti, upande wa Mugumu, kwenye mtama na tembo. Kutoka kwa mama mzazi hadi kwa mama mkwe hakufiki kilomita 100, na katikati unavuka Mto Mara. Wageni kutoka mjini wakitutembelea husifia utulivu. Utulivu gani? Raha zote nilizozionja kijijini zilinikuta nikiwa kazini, na nyingi zilikuja na wasiwasi wake. Ninafundisha shule ya msingi na ninalima, kwa hiyo kalenda ninazo mbili. Mengi ya mafunzo haya yametoka kwenye ile ya pili.

1. Mwaka unaanza na kumbikumbi

Januari ni katikati ya mambo. Mahindi ya vuli yanakaribia kukauka shambani, watoto wanadai sare na madaftari, na mfuko umetoboka tangu Krismasi. Mwaka wetu huanza Septemba au Oktoba, mvua za kwanza zinaporudi na kichuguu kilicholala kiangazi kizima kinapoamka.

Wako kumbikumbi wa usiku wanaofuata taa. Hao ni rahisi: unaweka beseni la maji chini ya taa na kusubiri. Wale wa mchana ndio wanaotaka akili. Tulikuwa tunachimba kashimo kadogo kando ya tundu la kichuguu, tunapinda vijiti juu yake, tunafunika kwa blanketi kuukuu na majani ya mgomba, tukiacha mwanya mmoja tu wa mwanga pale penye kashimo. Ardhi tunaimwagia maji kidogo. Kisha mtu mmoja anakaa na vijiti viwili, anapiga chini haraka haraka bila kupumzika, mpaka wadudu waamini kwamba nje mvua inanyesha. Wakitoka wanakimbilia mwanya, wanatumbukia. Kazi ya kupiga vijiti alipewa mtoto msumbufu kuliko wote, kwa sababu ndiyo iliyomkalisha mahali pamoja.

Bibi aliwakaanga bila mafuta, maana wana mafuta yao ya kutosha, akatia chumvi, akapepeta mabawa kwa ungo mlangoni. Siku hiyo hakuna aliyeulizia mboga.

2. Fahali wa jirani ni wako kwa asubuhi moja

Plau inataka ng'ombe wanne wakati udongo ungali mgumu, na nyumba chache zina wanne. Huyu ana plau, yule ana jozi ya ng'ombe, mwingine ana kijana wa kushika kamba mbele. Basi tunalimiana kwa zamu. Alfajiri, jua halijawa kali, wanaingia kwako. Kesho kutwa mnaingia kwa mwingine. Malipo ni uji wa ulezi asubuhi, ugali mchana, na kwa wanaokunywa, busa jioni.

Wanawake tunafuata nyuma na mbegu. Unadondosha kwenye mfereji, unafukia kwa mguu, unaruka mifereji miwili, unadondosha kwenye wa tatu. Ukisinzia, mahindi yataota na kukusema mbele ya kijiji kizima. Ng'ombe wetu mmoja aliitwa Polisi kwa sababu alikuwa akisimama barabarani na kuwazuia watu. Akifika mwisho wa shamba aligeuka mwenyewe kabla ya kuambiwa, na baba alimsifu kwa maneno ambayo sisi watoto hatukuwahi kuyapata.

Kamba sasa ndiyo imekosa mtu. Tangu mgodi wa North Mara uanze kuzalisha dhahabu mwaka 2002, kijana wa Tarime ana hesabu nyingine ya kufanya kabla hajakubali kushinda mbele ya ng'ombe. Siwalaumu. Hata hivyo, mzee anayevuta ng'ombe peke yake huku akishika plau ni jambo ambalo mtu haoni raha kulitazama.

3. Ukiwa milimani, simu itakukaribisha Kenya

Hili ni fupi. Karibu na Sirari simu hupokea ujumbe wa kukukaribisha nchi jirani wakati umekaa kwenye kigoda chako unamenya ndizi. Nilijifunza mapema kwamba bei ya gunia la mahindi huamuliwa zaidi na njaa ya ng'ambo kuliko na mvua yetu, na kwamba kabla ya kuuza unamuuliza mtu aliyetoka sokoni jana. Mama hakusoma sana, lakini kubadilisha shilingi za Kenya kwa kichwa hakuna aliyemshinda.

4. Siku ya kufunga shule, mtazame anayekuaga mara mbili

Desemba ni mwezi wa nyimbo. Vijana wanatoka jandoni, barabara zinajaa watu, ng'ombe wanachinjwa, na ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam wanarudi wakiwa na viatu visivyofaa matope. Nimecheza ngoma hizo na bado nazipenda. Vumbi, vigelegele, kina mama waliokosana mwaka mzima wakishikana mikono: hayo siwezi kuyakana.

Lakini ni mwezi huohuo, likizo ikiwa ndefu, ambapo wasichana hukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na hapa kila mtu anaijua. Masanga kule Tarime, na hapa Mugumu, kuna nyumba za kuwahifadhi wasichana wanaokimbia, na wengine wanakimbia usiku, kwa miguu. Mwalimu hujifunza kusoma dalili. Mtoto anayeaga, akaenda, akarudi tena kuuliza kama mwalimu atakuwepo kijijini wiki ijayo, huyo usimwache aende hivihivi. Unakaa naye. Unamuuliza habari za nyumbani polepole. Unampa namba ya simu kwenye karatasi ndogo inayoweza kufichwa.

Nikisikia watu wakiandika kwamba maisha ya kijijini ni raha tupu, hufikiria karatasi hizo.

5. Maziwa matamu yanapitia kwenye mkaa

Machi hadi Mei nyasi ziko juu, ng'ombe wanakamuliwa vizuri, na vibuyu vina kazi. Namna ya kuviandaa nilifundishwa na mama, na nikaifikisha Serengeti bila kubadilisha hata hatua moja.

Unaosha kibuyu kwa maji ya moto na changarawe, unakitikisa mpaka mikono iume. Unakikausha juani, mdomo chini. Kisha unachukua kipande cha kuni chenye kaa jekundu nchani, unakiingiza ndani, unakizungusha na kukisugua ukutani mwa kibuyu hadi kaa livunjike na moshi utoke kwa mdomo. Unga mweusi unaobaki unausambaza kwa kijiti, unakung'uta uliozidi. Hapo ndipo maziwa yanaingia. Ya leo juu ya ya jana, ya kesho juu ya ya leo. Yakiganda vizuri yanatoka kwa mabonge, yana rangi ya kijivu kidogo na vidoa vyeusi, na harufu ya moshi inakaa puani kabla hujameza. Kwa ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mimi sihitaji kingine.

Dada yangu aliyeko Dar es Salaam hugandisha yake kwenye jagi la plastiki. Tunapendana, kwa hiyo sijamwambia.

6. Kwenye dungu hakuna mkamwana

Kwetu milimani adui wa shamba alikuwa mvua ya mawe na nyani. Tembo nilimjua baada ya kuolewa. Mahindi yakianza kutoa ndevu, na mtama ukianza kuinamisha kichwa, watu wa vijiji vilivyo karibu na hifadhi huhamia shambani usiku. Dungu ni nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi, na ngazi isiyoaminika. Vifaa ni tochi, madebe, filimbi, na moto unaowashwa chini upande wa upepo. Wengine huzungushia shamba kamba zenye vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili iliyosagwa. Wengine huning'iniza mizinga ya nyuki kwenye waya, na hao wakibahatika huvuna asali pia.

Tembo haji kwa kishindo, ndilo lililonishangaza kwanza. Anakuja kimya. Unachosikia ni bua likivunjika, halafu jingine, halafu ngurumo ya chini ya tumbo lake, na hapo ameshafika kwenye mstari wa kumi. Madebe yanalia dungu hadi dungu, tochi zinawaka, watoto wa jirani wanapiga mayowe kuliko wakubwa. Mara nyingi anaondoka. Asipoondoka, alfajiri unahesabu mabua. Kifuta jasho cha serikali kipo, hupimwa kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, lakini hakijazi kihenge.

Pamoja na hayo yote, ukiniuliza ni wapi nimecheka zaidi tangu nihamie Serengeti, nitasema kwenye dungu. Nyumbani mkamwana ana mipaka yake. Anahudumia, anajibu akiulizwa, mbele ya baba mkwe anainamisha macho. Juu ya fito zile, mimi na mama mkwe tulikuwa walinzi wawili wenye debe moja. Alinisimulia jinsi alivyoletwa akiwa binti mdogo, akalia siku zote za mwanzo kwa sababu ya ladha ya maji ya kisima kile. Aliniambia nani anamdai nani ng'ombe, tangu lini, na kwa nini hatalipwa. Huko ndiko nilikojua kwamba bibi wa mji wa pili, niliyekuwa nikimwamkia kila asubuhi, alikuwa ameoa. Ni ile nyumba ntobhu ya Wakurya: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa mji wake. Nilikuwa nimezaliwa ndani ya mila hiyo Tarime bila kuwahi kusikia mtu akiieleza kutoka ndani, na vicheko vyake.

"Mama, sasa yule mwenye nyumba hamwonei wivu mkewe?" niliuliza.

"Anamwonea wivu wa kazi gani? Wivu ni wa wenye nguvu za kupoteza. Piga debe, mwanangu, nimesikia kitu."

Juni nyumbu wanapokuwa upande wa Ikoma na Grumeti, wakielekea kaskazini, ukikaa juu ya jiwe refu asubuhi unaona vumbi lao, na upepo ukiwa wetu tunasikia ule mguno. Ni zaidi ya milioni moja, wanasema watu wa hifadhi. Watalii wanalipa dola kuwatazama. Sisi tunawatazama bure, ukiacha mahindi wanayotulia wanyama wengine.

7. Mgeni apewe kwanza, aelezwe baadaye

Julai na Agosti shughuli hubadilika. Ulezi umekatwa masuke, muhogo umemenywa na kulowekwa, na majabali makubwa yaliyotapakaa Serengeti yanageuka uwanja wa kuanikia makopa. Kila nyumba ina jabali lake, na ole wako uanike kwenye la mwenzio. Kihenge kikijaa, watu wanapata ujasiri wa kuoana. Ng'ombe wa mahari wanahesabiwa kwa kelele, wanakataliwa, wanarudishwa, wanabadilishwa, na mtu mwenye litungu, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane, anaimba sifa za ukoo hadi mwenye ukoo atoe noti.

Mbuzi akichinjwa, kuna kichuri. Mgeni kutoka mbali atakisifia kwa uchungu wake mzuri, ataomba aongezewe, kisha atauliza kiungo gani kimewekwa. Mwache amalize sahani. Habari ya majimaji ya majani yaliyokuwa tumboni mwa mbuzi inaweza kungoja mpaka amenawa mikono.

8. Shamba lina sehemu mbili

Agosti ikiisha tunaanza kubishana kuhusu mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli, na Mara imo humo pamoja na mikoa mingine ya ukanda wa Ziwa Victoria: juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani. Mume wangu husikiliza redio akiwa ameshika kalamu. Mama mkwe hutazama mti fulani nyuma ya zizi, hutazama ndege, hunusa upepo wa jioni, kisha hutoa tarehe yake. Zamani walikaribiana. Miaka hii mvua zinakuja, zinakatika wiki mbili, zinarudi kwa hasira, na kila mmoja ana ushahidi wa kumwonyesha mwenzake.

Msimu mmoja walikataa kabisa kuelewana. Mama akasema kesho, mwanawe akasema baada ya wiki mbili, ng'ombe wa zamu wakawa wanasubiri. Nikapendekeza tugawe shamba kwa kamba, nusu ya Mama, nusu ya redio, na kwenye mpaka tupande mtama ambao haujali sana. Nusu ya Mama ndiyo iliyoota vizuri, akatembea nayo mdomoni mpaka Krismasi. Msimu uliofuata ikashinda ya redio. Kamba tumeiacha palepale shambani, na sasa hata majirani hupita kuulizia nani anaongoza.