SOMO LA SABA: Kadi Mpya ya Michoro katika Kompyuta ya Zamani

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kutofautisha kadi mbovu na kadi isiyoafikiana na kompyuta yake, kufanya majaribio yasiyo na gharama kabla ya kumlipa fundi, na kumrudia muuzaji akiwa na ushahidi mkononi.

Utangulizi

Tuanze na mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili. Kijana mmoja huhariri video za harusi kwa kompyuta ya ofisini iliyokwisha kutumika, ya mwaka 2012. Kazi moja humchukua usiku kucha. Anaweka akiba kwa miezi kadhaa, ananunua kadi ya michoro aina ya GeForce GTX 1060, anaichomeka na kuwasha. Feni zinazunguka, lakini skrini ni nyeusi. Anarudi dukani. Muuzaji anaichomeka kadi ileile katika kompyuta ya dukani na picha inatokea. "Kadi ni nzima, kaka, tatizo ni kompyuta yako." Kijana anarudi nyumbani na kadi nzima, kompyuta nzima, na harusi ya Jumamosi isiyohaririwa.

Katika mfano huu hakuna aliyesema uongo. Ugumu ni kwamba kadi nzima, ikiwekwa katika kompyuta isiyoifaa, huonyesha dalili zilezile za kadi mbovu. Hata hivyo, haki za mnunuzi katika hali hizo mbili hazilingani. Kwa hiyo swali la kwanza si "nani alaumiwe?" bali "ni ipi kati ya hali hizi mbili?"

Kanuni tatu za uchunguzi

Kwanza, anza na jaribio lisilo na gharama. Pili, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja, hutajua kipi kilichoponya na kipi kilichoharibu. Tatu, andika kila hatua pamoja na tarehe, na upige picha kwa simu.

Tahadhari: kabla ya kugusa chochote ndani, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Usifungue kamwe pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya 1: Waya wa skrini

Kompyuta nyingi za ofisini zina tundu la skrini katika ubao mama wenyewe. Kadi mpya inapochomekwa, tundu hilo mara nyingi hujizima. Mwenye kompyuta akiacha waya pale ulipokuwa siku zote, skrini hubaki nyeusi. Waya lazima uhamie kwenye tundu la kadi.

Hapa huzuka kikwazo kingine. Skrini nyingi za zamani zina tundu la VGA peke yake, nalo hupokea mawimbi ya analogi. Kadi za GeForce za mfululizo wa GTX 10 hazitoi mawimbi hayo kabisa. Hutoa ya kidijitali. Kiunganishi cha bei ndogo kisicho na saketi ndani hubadilisha umbo la plagi tu, hakibadilishi mawimbi. Kinachohitajika ni kigeuzi chenye saketi yake. Kabla ya kununua, azima skrini au televisheni yenye HDMI kwa jirani na ujaribu.

Hatua ya 2: Kadi imekaa sawasawa?

Ichomoe kadi, kisha irudishe mpaka usikie kishikizo cha mwisho wa sloti kikijifunga, ndipo uikaze kwa skrubu. Katika makasha ya zamani bati la nyuma huweza kuwa limepinda kidogo na kuiinua kadi upande mmoja. Hakikisha pia kwamba mkono wako haukulegeza vijiti vya RAM ulipokuwa ukiisukuma kadi.

Tofauti ya matoleo ya sloti za PCI Express isikutie hofu. Kadi ya toleo la 3.0 hufanya kazi katika sloti ya toleo la 2.0, ingawa kasi huweza kupungua.

Hatua ya 3: Umeme

Hili ndilo eneo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa kuwa kosa lake laweza kuunguza mali.

Sloti ya kadi ya michoro hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. Kadi inayohitaji zaidi huwa na tundu la ziada: plagi ya pini sita huongeza wati 75, na ya pini nane huongeza wati 150. Kompyuta nyingi za ofisini zilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 240 hadi 300, bila plagi yoyote ya ziada. Kadi ya kijana wetu hutumia wati 120, na mtengenezaji wake alipendekeza pawa saplai ya wati 400. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa kwa kalamu na karatasi kabla ya shilingi moja kutoka mfukoni.

Dalili za upungufu wa umeme ni mbili. Ya kwanza ni kompyuta kutoonyesha picha tangu mwanzo. Ya pili hudanganya zaidi: kompyuta huwaka vizuri, hufungua nyaraka na kucheza muziki, lakini huzimika ghafla kazi inapokuwa nzito. Mlaji anayeona dalili hii hudhani kadi ni mbovu, kumbe ni umeme usiotosha.

Tunawatahadharisha walaji kuhusu waya zinazogeuza plagi ya SATA, ile ya diski, kuwa plagi ya pini sita. Plagi ya SATA imepangiwa takriban wati 54 katika njia ya volti 12, wakati plagi ya pini sita imepangiwa 75. Waya kama huo huweza kuyeyuka. Fundi akikushauri hivyo, mwombe njia nyingine.

Hatua ya 4: BIOS na betri

BIOS ni programu iliyo ndani ya ubao mama inayoamsha kompyuta kabla ya Windows. Ondoa kadi, washa kwa tundu la zamani, ingia katika mipangilio ya BIOS na utafute mahali pa kuchagua kadi inayotangulia kuonyesha picha. Chagua PCI Express, hifadhi, zima, kisha irudishe kadi.

Ikiwa saa ya kompyuta hurudi nyuma kila umeme unapokatika, betri ya ubao mama imechoka. Ni betri ya duara ya volti 3 iitwayo CR2032, ya bei nafuu, nayo ndiyo hutunza mipangilio hiyo.

Ubao mama wa zamani huweza kutoielewa kadi mpya mpaka BIOS isasishwe. Fanya hivyo mwishoni tu, kwa faili la mtengenezaji wa kompyuta yenyewe, na pale tu umeme unapokuwa wa uhakika. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao mama huweza kufa.

Hatua ya 5: Draiva

Ikiwa picha inaonekana lakini ni kubwa mno, inakwama, au video hazichezi vizuri, tatizo huenda ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Ondoa draiva ya kadi ya zamani, kisha weka ile ya mtengenezaji wa kadi mpya. Kumbuka kwamba tangu Oktoba 2021 NVIDIA haitoi draiva mpya za kawaida kwa Windows 7, 8 na 8.1. Kadi iliyotoka baada ya hapo isinunuliwe kwa kompyuta yenye Windows 7.

Hatua ya 6: Je, kadi ni ile iliyoandikwa?

Zipo kadi za bandia sokoni. Mbinu inayojulikana ni kuchukua kadi kuukuu, kwa mfano GTX 550 Ti ya mwaka 2011, na kubadilisha programu yake ya ndani ili kompyuta iisome kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016. Kadi hiyo huonyesha picha, lakini huanguka mara draiva mpya inapowekwa. Programu ya bure iitwayo GPU-Z, tangu mwaka 2018, huweza kutambua kadi nyingi za NVIDIA zilizopewa jina lisilo lake. Mwombe muuzaji akuonyeshe matokeo yake kabla hujalipa.

Jaribio la kuamua

Baada ya hatua hizi, fanya majaribio mawili. Weka kadi katika kompyuta nyingine yenye umeme wa kutosha. Kisha rudisha kompyuta yako katika hali ya awali. Kadi ikishindwa pote, ni mbovu. Ikifanya kazi kwingine, na kompyuta yako ikafanya kazi bila kadi, vitu hivyo viwili haviafikiani.

Kumrudia muuzaji

Kadi ikiwa mbovu au ya bandia, nenda na risiti ya mashine ya kielektroniki, kasha lake, picha na maandishi yako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa.

Kadi ikiwa nzima lakini haiafikiani, nguvu ya dai lako hutegemea ulichosema kabla ya kununua. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia, akategemea ujuzi wake, huweza kudai bidhaa iyafae matumizi hayo. Lakini aliyeomba bidhaa kwa jina la chapa tu, bila kueleza zaidi, dai lake hudhoofika. Basi usiseme "nipe GTX 1060". Mwandikie muuzaji ujumbe: "Kompyuta yangu ni ya aina hii, pawa saplai yake ni wati kadhaa, skrini ina tundu hili, nataka kuhariri video, ni kadi ipi itafaa?" Lihifadhi jibu lake.

Kijana wa mfano wetu, lau angeandika ujumbe huo, muuzaji makini angeona vikwazo viwili papo hapo: pawa saplai ya wati 275 isiyo na plagi ya ziada, na skrini ya VGA. Angeweza kumpa kadi isiyozidi wati 75, isiyohitaji plagi ya ziada, pamoja na kigeuzi chenye saketi. Harusi ya Jumamosi ingehaririwa.

Maswali ya kujipima

1. Pawa saplai ya kompyuta yako ni ya wati ngapi? Ina plagi ya pini sita?
2. Skrini yako ina matundu gani?
3. Kompyuta huzimika kazi inapokuwa nzito. Utachunguza nini kwanza, na kwa nini?
4. Andika ujumbe utakaomtumia muuzaji kabla ya kununua.