Viunzi vya Michezo Kutokana na Miwati

Kila mtu akaaye karibu na Eldoret aujua muwati. Asili yake ni Australia. Kwa miaka mingi kampuni ya EATEC iliupanda huko kwa ajili ya magome yake, yatoayo dawa ya kutengenezea ngozi. Lakini mti huu haukai pale ulipopandwa tu. Mbegu zake hulala ardhini miaka mingi, na joto la moto huziamsha, zikaota kwa wingi na kusonga malisho na miti ya asili.

Eldoret ni mji wa wakimbiaji. Uwanja wake una jina la Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji huko Munich mwaka 1972. Hata hivyo, ziko shule zisizo na kiunzi hata kimoja. Basi mti uliozidi na uondoe upungufu huo.

Kwanza, ombeni ruhusa ya mwenye miti, mkate miwati iliyonyooka kabla mbegu hazijakomaa. Ambueni magome mara moja, wadudu wasipate maficho. Anikeni miti kivulini, maana ikikauka upesi hupasuka. Ncha zake zipakeni rangi.

Pili, tengenezeni miguu miwili ya kulala chini, ya sentimita 70, na nguzo mbili za kusimama kwenye ncha zake, na upau mwepesi wa sentimita 120. Watoto waanze na kimo cha sentimita 50. Katika mbio za mita 400, kimo cha wanawake ni sentimita 76.2, na cha wanaume 91.4.

Tatu, upau usipigiliwe misumari. Uwekwe juu ya vigingi vilivyo upande ule aendako mkimbiaji, ili akiugonga uanguke mbele yake. Miguu ya kiunzi ielekee kule atokako. Kiunzi kilichogeuzwa hakianguki, nacho chaweza kumvunja mtoto mguu. Kwa hiyo mwalimu akague kila kiunzi kabla ya mbio.

Mwisho, msichome matawi pale miti ilipokatwa, wala msipande miwati mingine kwa kutaka mbao. Miche itakayochipuka ing'oeni kila mwaka, na mahali pake pandeni miti ya asili. Bila kazi hiyo ya mwisho, mtakuwa mmepata viunzi, lakini malisho mtayapoteza.