Baiskeli Barabarani: Kuonekana Peke Yake Hakutoshi

Baiskeli zinaongezeka hosteli, na sababu haijifichi: bumu likianza kukata, nauli ya daladala ndiyo ya kwanza kubanwa. Mimi huu ni mwaka wa pili napiga pedeli kutoka Ubungo hadi Mlimani kwa Barabara ya Sam Nujoma. Watu huniuliza, "We huogopi?" Naogopa sana. Ndiyo maana nimejifunza haya.

Tuanze na hesabu. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja kukuona, kuelewa na kukanyaga breki, mita 14 zimeshakwenda na gari halijapunguza chochote. Breki nazo, kwenye lami kavu, zitakula nyingine kama 14. Jumla mita 28. Mvua ikinyesha, ongeza. Kwa hiyo swali sio "ataniona?" Swali ni: ataniona nikiwa umbali gani, na ataelewa nataka kufanya nini?

Mchana, rangi kali ya njano au chungwa inasaidia kwa sababu inang'aa kwa mwanga wa jua. Giza likiingia, nguvu hiyo inaisha. Hapo kazi inahamia kwa reflekta, ambayo hurudisha mwanga kule ulikotoka. Lakini angalia: bodaboda anayechomoza kutoka uchochoroni taa yake bado haijakupiga, kwa hiyo kikoti chako kwake ni giza tu. Ndiyo maana unahitaji taa zako mwenyewe, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Ukiwa na kipande cha reflekta, kifunge pia kwenye vifundo vya miguu. Kinapopanda na kushuka, dereva anatambua haraka kwamba yule ni mtu, sio kibao cha barabarani.

Sasa nafasi. Wengi tunabana kabisa kwenye ukingo wa mtaro tukidhani ndiyo usalama. Ukifanya hivyo, magari yanajipenyeza yakikugusa bega, na ukikutana na shimo huna pa kukimbilia. Acha nafasi kidogo upande wako wa kushoto. Ukipita magari yaliyoegeshwa, kaa mbali kama mita moja, maana mlango hufunguliwa bila hodi.

Daladala likiwa kituoni, usipite kushoto kwake. Abiria wanashukia huko huko. Na lori lenye tela usilikaribie kabisa kwa upande wa kushoto kwenye makutano. Likikata kona, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, nawe utabanwa. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, jua naye hakuoni.

Kabla ya kuhama upande, geuka utazame nyuma, nyoosha mkono, subiri, kisha uhame. Na jamani, toeni spika za masikioni. Mara nyingi sikio hulisikia gari kabla jicho halijaliona.

Ombi langu kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi: tununue taa za baiskeli kwa pamoja, kwa bei ya jumla. Jua letu huzama mapema mwaka mzima, na vipindi vya jioni vinatutoa darasani giza limeshaingia.